Maktaba ya Garissa: Nani Ataikusanya Hazina ya Kaskazini Mashariki?

Chuo kikuu kikitajwa, watu wetu huuliza habari za majengo, za karo na za mahafali. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza: maktaba yake ikoje, ina nini ndani yake, na ni nani anayeitumikia? Waama maktaba ndiyo kumbukumbu ya chuo. Mwalimu hustaafu, mwanafunzi hufuzu akaenda zake, lakini kitabu hubaki rafuni kikimngoja atakayekuja baada yao. Mtu akitaka kujua chuo kimekusudia nini, asitosheke na hotuba za wakubwa. Na aingie maktaba atazame mna nini na hamna nini.

Leo nimekusudia kuizungumzia maktaba ya chuo kikuu katika mji wa Garissa, na kazi ya maktaba kwa jumla katika nchi ile ya Kaskazini Mashariki, yaani Garissa yenyewe, Wajir na Mandera. Huenda mtu akauliza, mtu wa pwani ana nini na Garissa? Jawabu ni jepesi. Mto Tana unaopita Garissa ndio huohuo unaokuja kumwaga maji yake baharini kwetu, kati ya Lamu na Malindi. Huko Barawa, katika nchi ya Somalia, wako watu ambao lugha yao ya nyumbani, Chimini, ni ndugu wa Kiamu na Kitikuu. Na mtoto wa Kisomali husoma Kurani kwa ubao na wino kama tulivyosoma sisi chuoni kwa maalim wetu. Basi mambo ya jirani huyu si mambo ya mbali.

Chuo chenyewe kina historia fupi lakini nzito. Kilianza kama chuo cha ualimu. Mwaka 2011 kikafanywa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Moi, kikawa cha kwanza cha daraja hiyo katika eneo lile lote. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015 kikavamiwa na watu wa Al-Shabaab, na roho 148 zikapotea, wengi wao wanafunzi waliokuja pale kutoka pembe zote za Kenya. Waliosalimika wakahamishiwa Eldoret, milango ikafungwa. Januari 2016 ikafunguliwa tena, na mwaka 2017 chuo kikapewa hati ya kujitegemea, kikawa Chuo Kikuu cha Garissa.

Nayataja hayo kwa sababu maktaba iliyomo katika chuo kama hicho haibebi mzigo wa kawaida. Mwanafunzi anayekwenda kusoma pale, mzazi anayemruhusu, na mwalimu anayekubali kufundisha, wote wametoa jawabu kwa wale waliotaka pale pasisomwe tena. Jawabu hilo linataka kujazwa vitabu. Lakini vitabu gani? Hapo ndipo penye maneno.

KAZI ISIYOONEKANA

Wengi hudhani kazi ya mkutubi ni kuketi nyuma ya meza na kuwanyamazisha watu. Kitabu kinapofika maktaba, kabla hakijamfikia msomaji, hupita katika mikono mingi. Kwanza huandikwa katika daftari la kupokelea: kimefika lini, kimetoka wapi, kimenunuliwa au kimetolewa zawadi, na kwa bei gani. Kisha hupigwa muhuri. Kisha mtu hukaa nacho akakipekua, akaamua ni kitabu cha nini hasa, akakipa nambari. Nambari hubandikwa mgongoni, habari zake huingizwa katika orodha, ndipo kitabu kikapelekwa rafuni.

Hata hapo kazi haijesha. Kila siku vitabu vilivyosomwa hurudishwa mahali pake, na kila mara mtu hupita rafu kwa rafu akitazama kama kila nambari imeketi penye nafasi yake. Kitabu kilichowekwa rafu isiyo yake ni kitabu kilichopotea, hata kikiwa mle mle ndani ya nyumba. Na katika nchi ya joto na vumbi kama ile, pana na vita vingine visivyotangazwa redioni: gundi ya majalada hukauka ikapasuka, vumbi huingia katikati ya kurasa, na mchwa hawana likizo.

Sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa neno sanadi: ya kwamba habari haikubaliwi mpaka ijulikane imetoka kwa nani, naye aliipokea kwa nani. Nilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza daftari la kupokelea vitabu, nililifahamu mara moja. Ile ni sanadi ya maktaba. Kitabu kisichojulikana kilikotoka ni kama hadithi isiyo na mpokezi.

JIRANI WALIOTENGANISHWA

Mintarafu ya nambari hizo, pana jambo ambalo msomaji wa kawaida halioni, nalo lina uzito. Maktaba za dunia hutumia zaidi mipango miwili ya kupanga vitabu. Mmoja ulitungwa na Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876, na ndio unaotumiwa na maktaba nyingi za umma. Wa pili ni wa Maktaba ya Bunge la Marekani, ambao vyuo vikuu vingi huupenda.

Katika mpango wa Dewey, dini zote za ulimwengu zimepewa mia moja, kutoka 200 hadi 299. Biblia na Ukristo vimechukua sehemu kubwa, kutoka 220 hadi miaka ya 280. Uislamu umepewa nambari moja, 297. Ndani ya nambari hiyo moja zimebanwa Kurani na tafsiri zake, hadithi, fikihi, tasaufi na mengineyo, kila kimoja kikiongezewa mkia wa tarakimu baada ya nukta. Simlaumu mtu kwa dini yake. Dewey alipanga rafu kwa vitabu alivyoviona kwao. Lakini tazama inakuwaje mpango huo ukihamishiwa Garissa au Lamu: vitabu ambavyo watu wa mji wanavitaka zaidi ndivyo vyenye nambari ndefu kuliko vyote.

Mpango wa pili una kioja chake. Lugha ya Kisomali imewekwa fungu la PJ, pamoja na Kiarabu na lugha za mashariki. Kiswahili kimewekwa fungu la PL, pamoja na Kichina na Kijapani. Watu wanaokunywa maji ya mto mmoja, waliooana na kufanya biashara kwa karne nyingi, wametenganishwa rafuni, na Mswahili amepata jirani kutoka Tokyo. Mwanafunzi anayetaka kulinganisha ushairi wa Kiamu na wa Kisomali itambidi atembee kutoka pembe moja ya maktaba hadi nyingine, na rafu haitamwambia kamwe kuwa mambo hayo mawili yana uhusiano.

Sisemi mipango hiyo itupwe. Maktaba ikijitungia nambari zake yenyewe itajitenga na nyingine zote. Nasema mkutubi mwenye akili hujua kuwa mpango si Kurani wala si Injili. Anaweza kuweka rafu ya pekee kwa mambo ya mahali pake, na anaweza kuandika katika orodha maneno ya kumwelekeza msomaji: ukitafuta hili, tazama na lile. Kazi hiyo haihitaji pesa nyingi. Inahitaji mtu anayejua nchi alimokaa.

VITABU VYA KUKODI

Siku hizi sehemu kubwa ya maktaba haionekani kwa macho. Vyuo vingi vya Kenya huweka orodha yao katika kompyuta kwa programu iitwayo Koha, iliyoanza kutumika mwaka 2000 katika maktaba za wilaya moja ya New Zealand, na inayotolewa bure. Jina lenyewe ni neno la Wamaori lenye maana ya zawadi inayotarajia hisani kurudi. Kadhalika tangu 2003 maktaba za vyuo vyetu zimeungana katika chama kiitwacho KLISC, ili zinunue kwa pamoja haki ya kusoma majarida ya kitaalamu kwa njia ya intaneti, kwani chuo kimoja peke yake hakiiwezi bei hiyo.

Hiyo ni neema kubwa kwa mji ulio mbali. Mwanafunzi wa Garissa aweza kusoma makala iliyotoka wiki hii London, pasi na kungoja meli wala basi. Lakini tufahamu tofauti ya kununua na kukodi. Jarida la karatasi lililonunuliwa mwaka 1980 lingali rafuni hata kama chuo hakikulipa shilingi moja zaidi. Aghalabu jarida la intaneti ni kama nyumba ya kupanga: kodi isipolipwa, mlango hufungwa. Na pana jingine. Ukitafuta humo habari za Wajir au Mandera utazikuta, lakini nyingi zimeandikwa na watu wa mbali kwa ajili ya watu wa mbali, juu ya ukame, wakimbizi na vita. Mtu wa Wajir humo ndani ni mwenye kuelezwa, si mwenye kueleza.

HAZINA ILIYO MIDOMONI

Basi yeye mwenyewe ameyaweka wapi maneno yake? Jawabu ni kuwa ameyaweka palepale alipoyaweka sikuzote: kifuani na kinywani. Kisomali hakikuwa na mwandiko rasmi mpaka Oktoba 1972, serikali ya Mogadishu ilipotangaza herufi za Kilatini. Kabla ya hapo wanazuoni waliandika kwa herufi za Kiarabu, na katika miaka ya 1920 Osman Yusuf Kenadid alibuni herufi zake za pekee, lakini umma kwa jumla ulitegemea kumbukumbu.

Na kumbukumbu hiyo si ya mchezo. Mimi ni mtunzi, najua taabu ya vina. Sisi twafunga kina mwishoni mwa kipande. Msomali hukifunga mwanzoni: katika gabay akichagua herufi moja, basi kila mshororo lazima uwe na neno linaloanza na herufi hiyo, tangu utungo unapoanza mpaka unapokwisha, hata ukiwa mishororo mia. Wanawake wana bahari yao, buraanbur, yenye mwendo wake. Wataalamu B. W. Andrzejewski na I. M. Lewis, waliochapisha kitabu juu ya ushairi huo mwaka 1964, walieleza kuwa anayeghani shairi la mwenziwe analazimika kumtaja mtunzi na kuyahifadhi maneno yake yalivyo, pasi na kuyabadili. Hiyo nayo ni sanadi, bila daftari.

Wala Wasomali si peke yao katika nchi ile. Kandokando ya Tana wako Wamunyoyaya, Wapokomo na Waorma. Na kuelekea msitu wa Boni, upande wa Lamu, wako Waaweer, ambao lugha yao ina wasemaji wachache na inazidi kuzongwa na lugha kubwa. Kila mmoja wa hawa ana nyimbo, majina ya miti na dawa, majina ya miaka ya njaa na miaka ya mvua. Mzee mmoja anapokufa, huenda na rafu nzima. Nimeutunga ubeti huu:

Kitabu chatoka mbali, chafika kwetu nyumbani,
Chasimulia ukweli, wa miji ya ugenini,
Na ya kwetu ya asili, yamelala midomoni,
Mwenye nayo kirihali, hwenda nayo kaburini.

KARATASI ZILIZOKO MBALI

Mtu atasema, mbona ziko karatasi zilizoandikwa juu ya Kaskazini Mashariki? Naam, ziko, lakini ziko wapi? Wakoloni waliitawala nchi ile kama eneo lililofungwa: sheria ya 1902 ya wilaya za pembezoni, kisha ile ya 1934 ya wilaya maalumu, zilimzuia mtu kuingia na kutoka bila ruhusa. Kila mwaka maofisa waliandika taarifa: mvua, malisho, visima, ugomvi wa koo, mashairi waliyosikia na wasiyoyafahamu. Taarifa hizo zimo Nairobi katika jumba la Nyaraka za Taifa. Katika miaka ya 1960 nyaraka nyingi za Kenya, zikiwamo taarifa za mikoa na wilaya, zilipigwa picha za filamu ndogo kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani. Na mwaka 2011, katika kesi ya wazee wa Mau Mau, serikali ya Uingereza ilikiri kuwa ilikuwa na mafaili yaliyoondolewa Kenya wakati wa uhuru, yaliyokuwa yamefichwa mahali paitwapo Hanslope Park. Kwa hiyo kijana wa Syracuse ana njia fupi ya kujua babu wa Garissa alilipa kodi gani mwaka 1935 kuliko mjukuu wake.

Baada ya uhuru mambo yakawa mazito zaidi. Ilikuja vita iliyoitwa ya shifta, 1963 hadi 1967, na hali ya hatari ikaendelea kisheria katika mkoa ule mpaka mwaka 1991. Februari 1984 wanaume walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, na wengi wakauawa. Serikali ya wakati ule ilitaja watu 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyokabidhi ripoti yake Mei 2013, iliandika kuwa waliokufa huenda wakafikia elfu moja. Kati ya idadi hizo mbili kulisimama nini? Kulisimama ushahidi wa midomo ya wajane, na karatasi chache. Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa kifua kikuu huko Wajir, aliorodhesha majina ya waliokufa na kusaidia habari kutoka nje. Yeye mwenyewe aliuawa Borama mwaka 2003.

Hapo ndipo linapoonekana wazi jambo ninalolisema. Kukusanya na kuhifadhi si anasa ya watu walioshiba. Mahali pasipo na karatasi, mwenye nguvu huandika 57 na dunia ikaamini. Na vilevile kwa wale 148 wa mwaka 2015: majina yao, barua zao, maelezo ya walionusurika, yakikusanywa na chuo chenyewe yatakuwa ya chuo; yasipokusanywa yatabaki katika magazeti ya siku mbili, na magazeti hufungiwa maandazi.

WENGINE WALIFANYAJE?

Jambo hili si ndoto, kwani limefanywa. Katika miaka ya 1960, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipokuwa kichanga, J. W. T. Allen alizunguka pwani akitafuta tenzi na hati za mkono majumbani mwa watu, akaziweka katika maktaba ya chuo. Mwaka 1970 orodha yake ikachapishwa Leiden, na jina lake lina neno moja la kuzingatiwa: ni orodha ya hati za Kiswahili na Kiarabu pamoja na kanda. Naam, kanda za sauti. Maktaba changa ya chuo kichanga iliona zamani hizo kuwa sauti ya mghani ni mali ya maktaba sawasawa na kitabu. Leo mtafiti wa tenzi, atoke Japani au Ujerumani, hana budi kupita Dar es Salaam.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na Garissa kwa lugha na kwa damu. Mwaka 1988, ndege za Siad Barre zilipokuwa karibu kuupiga mji wa Hargeysa, watu wa redio walizitoa kanda za nyimbo na mashairi, wakazifukia ardhini na kuzitawanya. Vita vilipokwisha zikafukuliwa. Sehemu ya nyimbo hizo zilitolewa kwa dunia mwaka 2017, na kituo cha utamaduni cha mji huo kimekusanya kanda zaidi ya 14,000. Watu waliokuwa hawana hata paa walijua cha kuokoa.

NANI MWENYE WAJIBU?

Kwa nini basi kazi hii isifanywe Kaskazini Mashariki kwa utaratibu? Nadhani sababu kubwa si uvivu. Ni kuwa wajibu umegawanywa mpaka umekuwa wa kila mtu, na cha kila mtu si cha mtu. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeviweka vyuo vikuu mikononi mwa serikali ya taifa. Maktaba za umma imezipa kaunti, na ukiisoma orodha hiyo utaona maktaba zimetajwa katika fungu moja na leseni za pombe, sinema na maonyesho ya video. Nyaraka ziko na idara yake Nairobi. Sheria ya 2016 juu ya maarifa ya jadi inaitaka kila kaunti iwe na daftari la maarifa hayo. Lakini daftari si maktaba, na karani wa kaunti si mkutubi. Kifungu cha 7 cha Katiba kinaiagiza dola ikuze lugha za wenyeji. Hakikusema ni ofisi gani itakayoamka asubuhi na kuishika kazi.

Rai yangu ni kuwa aliye karibu zaidi na kazi hiyo ni maktaba ya chuo kikuu. Ina wasomi, ina vijana wanaosema lugha za nchi, na inatarajiwa kuishi kuliko gavana yeyote.

Najua pingamizi zitakazoletwa. Ya kwanza ni pesa. Lakini simu iliyo mfukoni mwa mwanafunzi leo hunasa sauti vizuri kuliko mashine aliyobeba Allen. Gharama ya kweli ni ya mtu wa kuiandika sauti hiyo, kuitaja imetoka kwa nani, na kuiweka mahali pasipopotea. Ya pili ni kuwa mwanafunzi anataka vitabu vya mtihani. Ni kweli, na vitabu hivyo vinunuliwe kwanza. Lakini chuo kinachofundisha ualimu kisipokuwa na mashairi ya nchi yake, walimu wake watakwenda madarasani Mandera na Wajir mikono mitupu. Ya tatu ndiyo nzito: yako mashairi ya kukashifiana baina ya koo, na ziko habari za mauaji ambazo wenyewe wangali hai. Hayo hayatupwi rafuni kiholela. Ziwekwe kanuni: mwenye sauti aulizwe, aridhie, na akitaka maneno yake yafungwe miaka 20, yafungwe. Maktaba kubwa za dunia hufanya hivyo.

Yako na mengine mepesi. Mtafiti anayekuja kutoka nje hupewa leseni na tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI. Yawekwe masharti kuwa aliyefanya utafiti Garissa, Wajir au Mandera aache nakala ya kazi yake katika maktaba ya Garissa, si Nairobi tu. Tangu kambi za Dadaab zilipofunguliwa mwaka 1991, zimeandikwa ripoti ambazo zikipangwa zitajaza chumba. Wenyeji na wakimbizi walioulizwa maswali hayo wana haki ya kusoma walichosemewa. Ripoti ya Tume ya Ukweli iwepo mezani, juzuu zote. Nakala za taarifa za zamani ziombwe Nairobi na Syracuse. Na katika kuajiri, asitazamwe mwenye shahada tu. Aangaliwe pia anayeweza kusoma hati ya Kiarabu na kusikia Kisomali na Kiorma.

Mwisho nitaje jambo ambalo dunia nzima inalijua kuhusu Garissa kuliko inavyoijua maktaba ya chuo. Tangu Oktoba 1996, huduma ya maktaba ya taifa ilianza pale kupeleka vitabu kwa ngamia katika makazi ya wafugaji yasiyofikiwa na gari. Ilianza na ngamia watatu. Masanduku mawili ya mbao hubeba kama vitabu 400, na ngamia mwingine hubeba hema la kusomea. Wageni walikuja na kamera, na Mmarekani mmoja, Masha Hamilton, akatunga riwaya juu ya maktaba ya namna hiyo, iliyotoka mwaka 2007. Ni kazi ya kusifiwa, nami naisifu.

Lakini nimeitazama safari hiyo nikaona ina upande mmoja. Vitabu huenda, vitabu hurudi. Pale chini ya mti huketi mzee aliyehifadhi gabay za miaka mia, na bibi anayejua buraanbur za harusi za mama yake. Mtoto akiazimwa kitabu, wao hutazama tu. Chuo na huduma ya ngamia wakishikana mikono, pamoja na kila sanduku la vitabu aende kijana mmoja mwenye kinasa sauti na daftari. Apeleke kitabu, arudi na shairi, na jina la mwenye shairi liandikwe katika daftari la kupokelea, lipigwe muhuri, lipewe nambari. Siku hiyo mfugaji wa Ijara atakuwa mwazimishaji, na chuo kikuu ndicho kitakachokuwa kimeazima.